Hatua za Kwenye Bendera Hazikuwa Zangu

Mpaka leo nikikumbuka jambo lile damu inanichemka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lubumbashi, na daktari alikuwa ameniambia bila kuficha: presha yangu imepanda, nitembee kila siku ama nijiandae. Mama yangu alianguka sokoni kwa ugonjwa huohuo. Sikutaka kumfuata.

Daktari akaniazima podometa yake aliyokuja nayo kutoka Ulaya, kitu kidogo cha duara kama saa ya mfukoni, cha kuhesabu hatua. Niliifunga kiunoni kwenye fundo la kikwembe, na kila hatua ikalia tik. Kila siku sindano ilipaswa kufika tano, ndizo kilomita tano. Nilikuwa mvivu wa kutembea, sikatai, lakini sindano ile ilinitia aibu. Jioni ikisimama kwenye nne na nusu, nilivaa tena viatu na kurudi barabara ya Kasapa hadi itimie. Wanafunzi wa chuo kikuu walinicheka. Niliwaacha wacheke.

Basi, kila asubuhi shuleni, kabla ya masomo, walimu wote tulicheza mbele ya bendera na kuimba sifa za chama tawala; wenyewe waliita animation. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Siku moja wajumbe wa chama walikuja, na mkurugenzi wetu akaona sindano inarukaruka kiunoni mwangu. Akaniita mbele kwa citoyenne, yaani raia, jina tulilolazimishwa kuitana.

"Muone citoyenne huyu! Alikuwa mugonjwa. Animation njo ilimuponyesha!"

Wakapiga makofi. Mimi niliyetoka kitandani wakati jogoo hajamaliza kuwika, niliyetembea hadi soli ikatoboka, nikasimama pale natabasamu kama mjinga. Mtu anavuna asichopanda, na wewe unamshikia kikapu!

Wahenga walisema, kutwanga nisile unga, nazuia mchi wangu. Kuanzia kesho yake, nikifika shuleni nilivua podometa na kuificha kwenye sanduku la chaki, kisha nikaenda kucheza. Nilicheza vizuri tu, nikikata viuno. Ila chama hakikupata hata tik moja.

Wajumbe waliporudi, mkurugenzi alitaka kuwaonyesha tena muujiza wake. Tulikuwa tumetoka kucheza, jasho linatutiririka. Akaomba kile chombo. Nikakitoa kwenye chaki. Sindano ilikuwa kwenye mbili, zile nilizotembea kutoka nyumbani.

Akakitikisa. "Iyi masini ilikufa."

Ningeweza kunyamaza. Walimu wenzangu walinikazia macho ninyamaze.

"Haikufa, citoyen directeur," nikasema. "Sikuivaa. Mimi niko naivaa kwa kutembea tu."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mkurugenzi akatia podometa mfukoni, akisema itachunguzwa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuiona. Mwezi mzima niliishi nikingoja kuitwa kuhojiwa. Sikuitwa, lakini hata chombo hakikurudi, na hakikuwa changu wala chake!

Nilikwenda kwa daktari na aibu yote ya mtu aliyepoteza kitu cha watu. Nikamweleza. Akatazama mlango kwanza, akahakikisha umefungwa, ndipo akacheka kidogo. Akanipima presha. Ilikuwa imeshuka.

"Sasa utahesabu namna gani, mama?"

"Na kichwa, docteur."

Na nilihesabu, miaka yote niliyofundisha pale. Nilianza mlangoni kwangu, moja, mbili, tatu, nikipita wanaume wa zamu wenye kofia za mgodini, hadi kwenye uwanja wa shule. Kwenye bendera niliacha. Ngoma ilipolia miguu yangu ilicheza kama ya wengine wote. Ngoma iliponyamaza, niliendelea na namba ileile niliyoachia.