Mkono wa Dada

Dada yangu hushona kanzu kwa mkono wa kushoto. Nasema hili mapema, maana ugomvi wote wa nyumba hii umeanzia hapo.

Marehemu baba, fundi aliyetufundisha, aliufunga mkono huo kwenye mguu wa kiti kwa utepe wa kupimia nguo. Miezi mitatu! Dada akaharibu shingo za kanzu kumi na moja kwa mkono wa kulia, baba akachoka, akamfungua. Hakumwomba radhi, nami sijamsamehe hadi leo.

Mwaka huu dada aliamua kufundisha kwa video za mtandaoni. Macho yameanza kumchoka, na tarizi ile ya shingoni mtaa mzima tunaijua wawili tu, yeye na mimi, nami ni mvivu. Kaka yetu mkubwa akajitolea kurekodi kwa simu yake. Dada si mtu wa maneno. "Tazameni mikono," alisema, akainama kazini.

Wiki ya tatu, mama mmoja wa mbali alimtumia picha. Tarizi safi kabisa, lakini mpasuo wa kifuani umelalia upande wa kike, kama wa blauzi. Mteja wake alikuwa amemrudishia kanzu kwa matusi. "Fundi, nimefuata mikono yako hatua kwa hatua," aliandika. "Mbona umenidanganya?"

Dada hakuwahi kujitazama kwenye video. Husema sura yake anaijua. Siku hiyo alitazama, akakunja uso.

"Tangu lini kalenda yetu inasomeka kinyumenyume?"

Nikachungulia. Kalenda ya ukutani ilikuwa imegeuka, na kovu la dada la kuungua pasi limetoka mkono wa kushoto, limehamia wa kulia.

"Siku ya kwanza tu watu walikucheka, mdogo wangu," kaka alisema. "Wakaandika, huyu wa mkono wa kushoto atamfundisha nani? Nikaanza kuzigeuza video, basi. Nilikuwa nakusitiri."

"Kunisitiri?" Mkebe wa vifungo ukaruka hadi mlangoni. "Baba alinifunga kwenye kiti, angalau nilijua nimefungwa! Wewe umenifunga mbele ya watu wote, mimi niko hapa nakuchemshia chai!"

Nami nikaongeza langu, ambalo haliandikiki. Kaka akainama kuokota vifungo.

"Viache," dada alisema. "Shika simu."

Akaketi, akauinua mkono wa kushoto hadi ukajaa kwenye kioo cha simu.

"Huu ndio mkono wangu. Mliofuata video zilizotangulia, fumueni, kosa si lenu. Wa mkono wa kulia nitawaambia pa kugeuza."

Alishona saa nzima, akiongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Mkono wa kushoto wa kaka ulipochoka kushika, akataka kuihamishia simu mkono wa kulia. Dada hakuinua hata uso.

"Wa kushoto, kaka. Shika kwa wa kushoto."