Buni Mbichi Kinywani mwa Mwanangu

Mwanangu alikuwa hajatimiza miaka minane babu yake alipomtafunisha buni mbichi. Kwetu Chome, kahawa ikiiva hata watoto huchuma, na sheria ni moja: chuma nyekundu, acha za kijani. Wangu alirudi na kikapu kilichochanganyika, na kwenye chama cha ushirika kahawa yetu ikakataliwa. Baba mkwe akachambua zile za kijani, akamjaza mtoto mkononi.

"Tafuna. Ulimi utayakumbusha macho."

Alitafuna, akatapika. Kesho yake akachuma vilevile. Mume wangu alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya mkonge, Tanga. Na mimi, pamoja na sekondari yangu yote, nilimrudia tu ile sheria.

Ndipo bwana shamba wa serikali ya Mwingereza akaleta sinema. Waliziba madirisha ya ghala la chama kwa magunia, wakatundika shuka. Picha ilikuwa ya watu wakichuma kahawa, lakini haikuwa na rangi, nyeusi na nyeupe tu.

"Mbivu na mbichi zote kijivu!" baba mkwe akapaza sauti. "Hapo mtu atachumaje?"

Ghala zima likacheka. Mwanangu akanivuta khanga.

"Mama, kwani za shambani zikoje?"

Nilimtoa nje. Nikachuma jani, nikaliweka juu ya khanga yangu nyekundu. "Rangi gani hizi?"

Alinitazama usoni kwanza, kama jibu limeandikwa pale. "Si ni ile ile?"

Jioni nilimwambia baba mkwe. "Baba, mtoto hatofautishi nyekundu na kijani. Ulivyohangaika wewe na lile shuka, ndivyo anavyohangaika yeye shambani."

"Mbona mbuzi anawaona? Shule imekujaza maneno, mkamwana." Akamwita mtoto, akatandaza buni mbichi juu ya ungo atafune tena.

Kwetu mkamwana hali chakula mbele ya baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami akila; ni aibu kwa wote wawili. Nilikaa chini mbele yake, nikauvuta ungo, nikaanza kutafuna. Zile buni ni chungu, zinakausha koo. Nilitafuna huku namtazama.

"Funika uso wako, wewe!"

"Nitafunika ukiacha kumlisha."

Aligeukia ukuta. Nilipoumaliza ungo aliondoka.

Hajamlisha tena. Wala shambani hamwiti; kwake yule ni mtoto wa kuchunga mbuzi tu. Na mwanangu, hata nikimpa nyanya, huibonyeza kwanza ajue kama imeiva, kisha hunitazama usoni aone kama amekosea.