Kolamu Iliyoitwa Waliopo

Rukaya binti Swalehe nyumba yao ilikuwa Mahege, lakini akili alizipatia dunguni. Nani asiyejua mambo ya bonde? Mpunga ukianza kuchanua, watu wanashuka na sufuria zao, wanalala kwenye madungu, vibanda vya nguzo ndefu, na kuamia ndege, miezi mitatu minne. Ila muulize mtu wa huko anakaa wapi, atakutajia nyumba yake ya juu, ya bati. Dungu si kwake. Dunguni analinda tu.

Akasoma, akapata kazi Kibiti, kwenye ofisi ya kamati ya maafa. Kazi yenyewe ilikuwa kuiuliza kompyuta. Unaandika swali, nayo inakujibu kwa jedwali. Lakini jibu la kuhesabu halina jina mpaka uliandikie wewe. Usipoliandikia, mashine inabandika mikorogo yake ya herufi juu ya kolamu. Rukaya alisifiwa kwa majina mafupi, yanayosomeka. Na sifa, tunajua wenyewe, huvimbisha kichwa.

Mwaka ule wa mafuriko, msimamizi wake Mudrick alitaka orodha haraka: kila kitongoji kina watu wangapi, boti zipangwe. Rukaya akahesabu watu kwa nyumba walizoandikishwa. Hesabu haikuwa na kasoro. Kisha juu ya hesabu hiyo akaandika jina: Waliopo. Kitongoji cha bondeni, penye madungu, kikatoka na watu wanne.

Hashimu, nahodha wa uokoaji, hakuwa na habari za kompyuta. Yeye alisoma kilichoandikwa. Watu wanne? Akaenda na boti ndogo, kubwa ikapelekwa kwingine. Mimi simlaumu hata kidogo.

Saa nane mchana akapiga simu. "Dada, huku watu hawapungui arobaini. Wako juu ya madungu na maji yanazivuta nguzo. Nimechukua saba, boti imejaa. Hii karatasi mmeitoa wapi?"

Rukaya akaifungua tena orodha. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa hukohuko, ameshuka tangu Machi. Juzi tu walizungumza kwenye simu wakacheka. Mtoto aliyelelewa dunguni akakaa mbele ya mashine, akasahau kwamba aliyeandikishwa juu huenda amelala chini.

"Rekebisha kimyakimya," Mudrick akamwambia. "Jina tu hilo."

Rukaya akalifuta jina lile. Akaliandika upya, Wenye Nyumba Hapa, kisha akawapigia wote waliopelekewa karatasi, akawaambia wapeleke boti kubwa bondeni. Boti ikageuzwa, ikafika huko alasiri imekwisha.

Magharibi, Rukaya na Mudrick wakingoja ukingoni, mama alishushwa, kanga imemganda mwilini. Rukaya akamshika mkono, akalia kwa furaha na kwa hofu.

"Bi Semeni hayupo," mama akasema. Bi Semeni alikuwa jirani wa dungu la pili, aliyekuwa akimbeba Rukaya mgongoni mama akienda mtoni. "Nguzo zake zilikatika boti ndogo ilipoondoka. Tulimwambia asubiri, wanarudi."

Akamgeukia Rukaya. Kisha akauliza, bila ukali, "Nahodha kasema karatasi ilitaja wanne. Nani aliwaambia tuko wanne?"

Mudrick alikuwa amesimama pale, amemkazia Rukaya macho. Rukaya angeweza kusema kompyuta, na mama angeamini.

"Mimi, mama."

Mama akauachia mkono wa mwanawe.