Damu ya Kifuniko cha Zambarau

"Hivi shoga, wenzako tunatega mitego, wewe unawalisha?" jirani alimuuliza siku moja wakianika nguo. Mama Panya, kama mtaa ulivyombatiza, akacheka. "Wenu wanakula sabuni. Wangu wanakula kwa mizani."

Mzaha huo uliishia kwenye kamba ya nguo. Maabarani alikotunza panya wa majaribio, kati ya vizimba vilivyopangwa hadi darini, hakuwa na mchezo. Mkia wa panya aliupasha joto kwa kitambaa kabla ya kuuchoma sindano ya kutoa damu, maana ukiukamua kwa nguvu damu huharibika, na damu iliyoharibika humsingizia mnyama ugonjwa wa ini. Kiumbe wa Mungu, alisema, hateswi bure.

Basi akashikwa na homa, akalala nyumbani. Aliporudi, daktari mkuu alikuwa amechanua kama ua. Dawa ya mifupa imefaulu! Kile kimeng'enya kinachopanda kwenye damu mifupa inapolika kilikuwa kimeshuka karibu kwisha kwa panya walionyweshwa dawa. Kwa wasionyweshwa kilibaki juu vilevile.

Mama Panya alichungulia ndoo ya taka. Chupa za wasionyweshwa zilikuwa na vifuniko vyekundu. Za walionyweshwa, vya zambarau. Chupa za zambarau zina kemikali ya kuzuia damu isigande, na kemikali hiyo ndiyo inayokiua kimeng'enya hicho. Hata panya wa kunyweshwa maji matupu angeonekana amepona.

"Dada, nyekundu ziliniishia katikati," mwenzake wa zamu, aliyemshikia kazi, alisema, macho chini. "Nikaona chupa ni chupa."

"Chupa ni chupa? Na mkojo wako ungepimiwa kwenye kikombe cha chai?"

Akamfuata daktari, akamweleza. Daktari wala hakushtuka.

"Najua, mama. Lakini wafadhili wanafika kesho, na jaribio limeisha, panya wanauawa jioni hii. Dosari tutazirekebisha mbele ya safari."

"Kwa damu ya nani, ukishawaua?"

"Usinipandishie sauti. Wewe kazi yako panya."

Mwanamke huyu ambaye hata mbuzi wa jirani akila mboga zake humfukuza kwa kumwomba, siku hiyo hakuomba. Alifunga chumba cha vizimba, akatia ufunguo kifuani, akavuta kiti akaketi mlangoni kama komeo.

"Nifukuze," alisema. "Kuna bibi wa watu, nyonga imemvunjika, ataimeza dawa hii akidhani anapona. Na wewe utakuwa unajua. Utalalaje? Utasalije?"

Daktari alipiga simu, akaikata kabla haijapokelewa. Alitoka, akarudi. Mwenzake wa zamu naye akaja, akasimama ubavuni mwa kile kiti. Jioni ikaingia, panya wakikwaruza ndani.

"Haya," daktari alisema, meno yameumana. "Unataka nini?"

"Nipe chupa za vifuniko vyekundu, kesho asubuhi niwatoe damu upya wote."