Ngome ya Mjapani na Mlango Wetu

Mwanafunzi wangu wa Kiswahili alikuwa Mjapani, mhandisi kwenye gati la Mbaraki. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kwetu Kuze, akavua viatu, akaamkia vizuri kuliko majirani wengine. Nilimsomesha sebuleni. Mamangu, ambaye miguu ilikuwa imekataa, alilala chumba cha pili, katikati pazia tu. Masikio yake hayakuwa na maradhi yoyote.

Jumamosi moja mwanafunzi alileta insha juu ya ngome ya mji wao: msingi wa mawe, juu yake ghorofa za mbao, na ukoo mmoja ulioitawala kizazi baada ya kizazi. Yeye aliandika "kabila". Nikakata.

"Si kabila, ni ukoo. Sisi hapa twasema mlango. Fulani ni wa mlango fulani."

Akaendelea kusoma. Bwana mmoja wa ngome hakujaliwa mtoto wa kiume. Akachukua kijana wa nyumba nyingine, akampa jina lake, na huyo ndiye aliyerithi. Baadaye utawala wa mabwana wale ulifutwa, ngome ikabomolewa, ukabaki msingi. Lakini ukoo upo mpaka leo, na wote ni kizazi cha yule wa kulelewa.

"Hasha!" nikasema, kwa ukali ambao hakuustahili. "Kwetu mtoto wa kulea habadilishwi nasaba."

"Na wewe, Mwalimu, ni wa mlango gani?"

Maskini, alikuwa akifanyia mazoezi neno jipya. Mimi nami ni wa kulelewa. Jina nilitumialo ni la baba aliyenizaa, nisiyemkumbuka. Na wiki ile ile watoto wa kakake mama walikuwa wameniambia uso kwa uso: mama akifariki, wao ndio maharimu wake, jamaa asioweza kuolewa nao, na wao ndio watakaomshusha kaburini. Mimi nisimame kando na watu. Niliumia, wallahi, lakini sheria naijua.

Pazia likatikisika.

"Mwambie mgeni wewe ni wangu! Nimekunyonyesha mimi!"

Nikaingia chumbani. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu alikufa wa siku tisa. Maziwa hayakujua kuwa amekufa. Ukaletwa wewe, walia. Ningesema nimekunyonyesha, ningelazimika kumtaja yeye. Sikuweza."

"Watauliza kama zilitimia zile mara tano za kunyonya, zinazonifanya mwanao kisheria."

"Mara tano! Miaka miwili, na meno ukinitia!"

Hakuwahi kujitanda ushungi mbele yangu, mwanamume mzima, hata siku moja, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliporudi sebuleni nililia mbele ya mwanafunzi wangu. Yeye akainamia daftari lake.

Ijumaa mama aliwaita watoto wa kakake, akamwita na jirani yetu wa zamani wa Tudor aliyemwona kwa macho yake akininyonyesha. Walisikiliza, wakanywa kahawa, wakaenda zao.

Mama alifariki kabla ya Ramadhani. Nilitangulia mimi kushuka kaburini. Watoto wa kakake wakainama, wakanikabidhi mamangu.