Samli kwenye Kapi

Siku yangu ya kwanza kazini, ukumbi mzima wa Mbulu ulicheka kwa sababu yangu. Kazi niliyopewa ilikuwa kuvuta pazia la jukwaa. Mwigizaji amepiga magoti anamlilia mwanawe aliyekufa, watu wameshika leso, nami nikavuta kamba. Kapi, lile gurudumu la chuma la juu linalopitisha kamba, likapiga kelele kama nguruwe anayekamatwa. Watu wakaangua kicheko. Yule mwigizaji akalia kweli.

Meneja wa ukumbi akanifuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, umechekesha watu msibani! Jumamosi tunarudia. Likilia tena, rudi kwenu Bashay ukapalilie maharage."

Jamani, nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba shambani sirudi! Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani bawaba za mlango zikilia: nikapaka samli. Mchana ule, kimya kabisa. Nikatembea kichwa kimevimba. Jumamosi asubuhi, kwenye mazoezi, baridi ya Mbulu ilikuwa imeigandisha samli yote. Kapi likalia, tena likakwama katikati. Meneja akanionyesha mlango kwa kidole.

"Mzee, nipe mpaka jioni tu," nikamsihi. Akaguna, akaondoka.

Nikapanda ngazi, nikalifungua kapi lote, nikaliosha kwa mafuta ya taa. Ndipo nikaona kilichokuwa kinalia: ubavu wa gurudumu ulikuwa unasugua fremu, chuma kwa chuma. Nikakata ngozi ya kiatu changu cha zamani, nikaiweka katikati iwe washa, kikingio cha kuzuia vyuma visisuguane, nikapaka grisi kidogo.

Jioni mwigizaji akalia, nikavuta. Ukumbini watu walikuwa wanapenga kamasi. Meneja, aliyekuwa ofisini akisubiri kelele, akaja mbio nyuma ya jukwaa.

"Wewe! Mbona hufungi pazia?"

"Nimeshafunga, mzee."

Akachungulia. "Ala!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Baadaye nilihamishiwa Katesh, nikawa fundi mkuu wa jukwaa, nikisimamia winchi za kushushia taa, na mafundi wengi wamepita mikononi mwangu. Sasa nimestaafu. Wakinialika kwenye onyesho nakaa nyuma kabisa, na pazia likianza kufungwa nafumba macho. Nimewaambia wazi: likilia, haki ya Mungu, nitapanda ngazi na uzee wangu huu. Mpaka leo sijapanda.