Mfuaji wa Kanzu katika Mji wa Shaba

Juzi nilifuatana na mwanangu hadi Sanaiya, mtaa wa magereji hapa Ibra, Oman, kubadilisha betri ya gari. Fundi alipoiinua ile ya zamani, harufu ya asidi ilinichoma pua, machozi yakanitoka. Mwanangu alidhani ni asidi tu.

Ilikuwa harufu ya mji niliozaliwa, mji wa shaba huko Kongo. Tanuri la kampuni la kuyeyushia shaba halikuzimwa, na dohani yake ilitapika moshi wa kibiriti uliokwaruza koo na kubabua majani ya mipapai. King'ora kililia alfajiri, na wafanyakazi wakamiminika kutoka katika safu za nyumba za matofali, zote sawasawa kama masanduku. Baba alikuwa na duka. Mama, mwenyeji wa kule, alifua kanzu za baba, akazitia buluu na wanga. Upepo ukigeuka, wanawake walikimbilia kamba za nguo kabla masizi hayajatua.

"Wamama, moshi unakuja!" Na jirani yetu hakukosa utani: "Mwambie bwana yako avae nyeusi, tupumzike wote!"

Wazee wenzangu hapa Ibra, waliotoka kule kama mimi, wakiuhadithia mji ule, husimulia maduka, malori na magunia. Mama zetu hawamo. Nakasirika, kisha nakumbuka kwamba mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kukasirika.

Nilikuwa na miaka tisa ami yangu, kaka yake baba, alipokuja kutoka Oman kunichukua nikasome. Alinikalisha karibu yake, akasema, "Mungu amrehemu mama yako."

Nilimtazama baba. Aliangalia mkeka. Ami akaendelea kumsifu marehemu, binti wa Kiarabu wa Unguja, na hapo ndipo nilipojua baba aliwaandikia nini ndugu zake.

Mara upepo ukageuka. Mama akaingia mbio, kanzu mikononi, masizi usoni.

"Nani huyu?" ami akauliza.

Baba alikohoa. Nikajibu mimi: "Mfuaji."

Mama alisimama kidogo. "Ndiyo, bwana. Mimi mfuaji." Akazikunja zile kanzu moja moja, akatoka. Baba akanipapasa kichwa. Wiki ile ile niliondoka, na sikumwona mama tena.

Nilidhani hakuumia, maana sauti yake haikubadilika. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa: ami angejua, asingenichukua, na mama aliliona hilo papo hapo. Baba nilimlaani miaka mingi. Lakini yeye uongo ule aliuandika mara moja. Mimi niliurudia shuleni, nikaurudia siku ya kuposa, nikawalea watoto juu yake.

Mwanangu akiyasoma haya, ajue bibi yake aliitwa Kapinga, na siku niliyomkana alikuwa hai, amesimama mbele yangu.